Kanisa la Fedha: Uchambuzi wa Jengo la Benki ya Kigothi mjini Melbourne

Utangulizi

Katika mijadala yetu ya itikadi tumezoea kuuchambua ubepari kwa kutazama viwanda, mashamba, bei za mazao na mishahara. Kufanya hivyo ni sahihi, maana huko ndiko thamani inakozalishwa na ndiko inakonyonywa. Lakini upo upande mmoja ambao makada wengi huupita bila kuuangalia, nao ni majengo. Jengo huonekana kuwa kitu kisichosema: ni mawe, chokaa, mbao na chuma. Mtu hupita mbele ya benki au mahakama ya zamani, akaliona kubwa, akapunguza sauti yake bila kujua kwa nini, kisha akaenda zake. Unyenyekevu huo haukuzuka wenyewe. Ulichorwa kwenye karatasi, ukajengwa na ukalipiwa.

Makala hii inachambua jengo moja la enzi ya Malkia Victoria (1837–1901). Ni jengo la benki lililoko mjini Melbourne, Australia, kwenye kona ya barabara za Collins na Queen. Lilichorwa kuanzia mwaka 1883 na likakamilika mwaka 1887, kwa ajili ya benki iliyoitwa English, Scottish and Australian Chartered Bank. Wenyeji wa mji huo hulijua kwa jina la Benki ya Kigothi. Wapenzi wa usanifu majengo hulitaja miongoni mwa mabenki mazuri kupita yote ya enzi hiyo, na sifa hiyo si ya uongo. Ndiyo sababu tumelichagua. Kulikosoa jengo baya ni kazi rahisi. Kazi inayohitaji nadharia ni kulieleza jengo zuri lililotumika vibaya.

Hoja yetu ni hii: katika benki ya kibepari, jengo ni chombo cha kazi kama vile daftari na kasha la chuma. Kazi yake ni kuzalisha imani mahali ambapo mwenye amana haruhusiwi kuona hesabu. Asiyelielewa jambo hilo atadanganywa na jiwe leo, na kesho atadanganywa na kioo.

1. Benki huuza nini?

Ili kuelewa jengo la benki, hatuna budi kwanza kuelewa biashara ya benki. Mwenye duka huweka bidhaa zake mbele ya mnunuzi. Mwenye kiwanda huonyesha mitambo. Mwenye benki hana cha kuonyesha. Hupokea amana za watu kwa ahadi kwamba wakizihitaji watazipata. Kisha huzikopesha fedha hizo kwa wengine, mara nyingi kwa muda mrefu zaidi kuliko ule aliowaahidi wenye amana. Faida yake imo katika tofauti ya riba. Hatari yake imo katika tofauti ya muda. Siku watu wote wakija pamoja kudai, hakuna benki ya aina hiyo inayoweza kuwalipa wote kwa mara moja.

Kwa hiyo bidhaa halisi ya benki ni imani. Na imani ya namna mbili inawezekana. Ya kwanza hutokana na ujuzi: mwenye amana anaona vitabu, anajua nani amekopeshwa, kwa dhamana gani, na nani anawakagua wakopeshaji. Ya pili hutokana na haiba: mwenye amana anaona ukubwa, uzito na uzuri, naye anajisemea moyoni kwamba wenye nyumba kama hii hawawezi kuanguka. Mabepari wa karne ya 19 hawakuipenda imani ya kwanza, kwa sababu ingefungua siri za biashara yao. Waliwekeza katika ya pili.

Hata kabla ya enzi ya Victoria, Bank of England mjini London ilikuwa imezungushiwa na msanifu John Soane ukuta mkubwa usio na madirisha upande wa barabarani. Ukuta huo ulisema: dhahabu imo ndani na hakuna awezaye kuifikia. Mjini Edinburgh, Commercial Bank of Scotland ilifungua mwaka 1847 jengo lililochorwa na David Rhind, lenye nguzo za Kikorintho na pembetatu ya sanamu juu yake, mfano wa hekalu la miungu ya kale. Mjini London, mwaka 1865, National Provincial Bank ilimaliza ukumbi wake wa barabara ya Bishopsgate, kazi ya John Gibson. Juu ya paa zikasimamishwa sanamu, na ukutani zikachongwa picha za kilimo, uchimbaji madini, uundaji meli na ubaharia.

Tulitazame jambo hilo la mwisho kwa makini. Kazi za mikono zilizotoa utajiri wote uliowekwa ndani ya benki ile zilipewa nafasi nje, ukutani, kama pambo. Mchimba madini aliruhusiwa kuingia katika jengo akiwa jiwe. Msanifu hakukusudia kutufundisha siasa, lakini alichonga uhusiano wa kitabaka kama ulivyokuwa.

2. Ardhi, dhahabu na barabara ya Collins

Mji wa Melbourne haukukua polepole kama miji ya Ulaya. Ardhi ulipojengwa ilikuwa ya watu wa Kulin, hasa Wawurundjeri na Waboonwurrung, walioishi hapo kwa maelfu ya miaka. Mwaka 1835 walowezi waliingia. Mwaka 1837 mpimaji Robert Hoddle alizichora barabara kwa mistari iliyonyooka, na viwanja vikaanza kuuzwa kwa mnada mwaka huohuo. Kwa hiyo barabara ya Collins ilizaliwa ikiwa bidhaa. Ardhi ilipimwa, ikagawanywa na kuuzwa, na wenyewe hawakuhesabiwa kuwa upande wowote katika biashara hiyo.

Mwaka 1851 dhahabu iligunduliwa katika koloni la Victoria, mahali kama Ballarat na Bendigo. Mwaka uliofuata, 1852, benki tunayoizungumzia iliundwa mjini London kwa hati ya kifalme. Tarehe hizo mbili zinafuatana kwa sababu inayoeleweka. Mtaji wa London uliinusa dhahabu, ukavuka bahari kuifuata.

Katika miaka ya 1880 dhahabu haikuwa tena injini kuu ya mji. Injini mpya ilikuwa ulanguzi wa ardhi. Fedha za akiba za watu wa Uingereza na Uskoti zilikusanywa kwa riba na kupelekwa Australia. Huko zilikopeshwa kwa makampuni ya viwanja, kwa vyama vya ujenzi wa nyumba na kwa wanasiasa walionunua mashamba pembezoni mwa mji wakayakata vipande. Kiwanja kilinunuliwa leo kikauzwa kesho kwa bei ya juu zaidi, na aliyekinunua alikopa benki kwa kukiweka kiwanja hichohicho rehani. Bei ilipanda kwa sababu mikopo ilitoka, na mikopo ilitoka kwa sababu bei ilipanda. Mwandishi Mwingereza George Augustus Sala alipoutembelea mji huo mwaka 1885, aliupa jina la Melbourne ya ajabu, na mabwanyenye wakalipokea kwa furaha. Ni katika hali hiyo Benki ya Kigothi ilijengwa.

3. Jengo lenyewe

Meneja mkuu wa benki hiyo alikuwa Sir George Verdon. Kabla ya hapo alikuwa Waziri wa Fedha wa koloni la Victoria, kisha mwakilishi wa koloni mjini London. Kada ataona hapa jambo analolijua: mlango kati ya serikali ya kibepari na benki ya kibepari hauna kitasa. Verdon alikuwa mpenda sanaa. Alitaka jengo litakalokuwa ofisi chini na makazi yake juu.

Msanifu aliyemchagua alikuwa William Wardell, aliyezaliwa London mwaka 1823. Wardell alikuwa Mkatoliki aliyeongoka katika ujana wake na bingwa wa kujenga makanisa. Kanisa kuu la Mtakatifu Patrick mjini Melbourne ni kazi yake, na Kanisa kuu la Mtakatifu Maria mjini Sydney pia. Aliwahi kuongoza idara ya kazi za umma ya koloni, hadi Januari 8, 1878. Siku hiyo serikali ya Graham Berry iliwafukuza watumishi wakuu wengi kwa mara moja, katika mapambano yake na baraza la juu la wenye mali lililokataa kupitisha bajeti. Wardell alikuwa miongoni mwa waliofukuzwa, akahamia Sydney. Mtumishi wa umma akawa mtumishi wa fedha binafsi, na benki ikapata kwa kodi yake ujuzi uliokomazwa kwa sadaka za waumini na kodi za wananchi.

Wardell hakuchora hekalu la Kiyunani wala kasri la Kiitalia, mitindo iliyozoeleka kwa mabenki. Alichagua mtindo wa Kigothi, yaani mtindo wa makanisa makuu ya Ulaya ya Zama za Kati, wenye matao yaliyochongoka juu kama viganja viwili vya mtu anayeomba. Aliuchanganya na ladha ya Venice, mji uliotawaliwa na wafanyabiashara waliojijengea makasri ya Kigothi kando ya maji. Uchaguzi huo una maana. Venice iliruhusu kitu kimoja kiwe cha kidini na cha kibiashara pamoja.

Kwa nje jengo limetulia. Ni jiwe la mchanga, madirisha ya matao na nakshi zilizopimwa. Halipigi kelele kama majengo mengi ya wakati ule ambayo yalijazwa mapambo hadi ukuta ukakosa pumzi. Kilicho kikubwa kimo ndani. Mteja akiingia katika ukumbi wa kupokelea fedha hukutana na nguzo nyembamba, matao, na dari iliyopakwa rangi na kufunikwa dhahabu halisi, iliyofuliwa ikawa nyembamba kuliko karatasi. Mwanga ukigusa dari ile, chumba kizima hubadilika rangi. Ni ukumbi ambao mtu hushusha sauti yake humo. Kaunta iko pale ambapo kanisani ingekuwa madhabahu, na karani anasimama nyuma yake.

Hapa lazima tuseme ukweli wa kitaaluma. Kazi hii ni njema. Uwiano wa nguzo na dari ni sahihi, rangi zimepangwa kwa akili, na pambo linafuata umbo bila kulifunika. Mchambuzi wa kimaendeleo anayekataa kuona hivyo kwa sababu mwenye jengo ni bepari, anaukimbia uchambuzi.

Lakini tuziangalie tena zile nguzo. Ni za chuma. Kanisa la Zama za Kati lilisimama kwa jiwe kulibana jiwe: tao lilisukuma, ukuta ulipokea, na nguzo zilikuwa nene kwa sababu uzito uliokuwa juu ulikuwa wa kweli. Katika Benki ya Kigothi, chuma cha viwandani kinabeba ghorofa kwa wepesi, naye msanifu amekipamba na kukipaka rangi ili kiseme lugha ya mawe ya kale. Nguvu iliyolibeba jengo ilikuwa ya karne ya 19, ya tanuri na ya mfanyakazi wa kiwanda. Sura waliyoitaka wenye benki ilikuwa ya karne ya 14, ya abate na mfalme. Ubepari una tabia hiyo. Huvunja kila desturi ya kale katika uzalishaji, halafu huazima joho la kale unapotaka kuheshimiwa.

Na juu ya ukumbi ule aliishi meneja. Chini umma uliacha akiba zake. Juu, penye hewa na mandhari, aliishi mtunza akiba. Jengo lilikuwa mchoro wa jamii, ghorofa kwa ghorofa.

4. Uzuri huu ni mali ya nani?

Swali la kujiuliza ni hili: kama jengo lilitumika kudanganya, uzuri wake ulitoka wapi?

Mwingereza John Ruskin alilijibu swali hili kwa upande mmoja. Katika kitabu chake juu ya mawe ya Venice, kilichotolewa kati ya mwaka 1851 na 1853, alidai kwamba thamani ya mtindo wa Kigothi haikuwa katika umbo la matao. Ilikuwa katika hali ya fundi aliyeyachonga, aliyeachiwa nafasi ya kufikiri na hata kukosea, tofauti na mfanyakazi wa kiwanda aliyegeuzwa kuwa sehemu ya mashine. Mwaka 1864 matajiri wa sufu wa mji wa Bradford walimwalika awashauri mtindo wa soko lao jipya la biashara. Ruskin aliwaambia waziwazi kwamba hakujali soko lao. Kwa maoni yake, mtu hawezi kununua mtindo kama anavyonunua kofia. Majengo huonyesha kile ambacho watu wake wanakiabudu kwa kweli, na wao waliabudu faida. Ruskin hakuwa mjamaa wa kisayansi, lakini alikuwa ameugusa mshipa. Sura aliyoiandika kuhusu asili ya Kigothi ilichapwa upya mwaka 1892 na William Morris, fundi na mjamaa, ambaye aliipeleka hoja mbele hadi kwenye swali la umiliki.

Mjini Melbourne kwenyewe mafundi wa mawe hawakungoja nadharia kutoka London. Tarehe 21 Aprili, 1856, waashi waliokuwa wakijenga chuo kikuu cha mji huo waliweka vyombo chini, wakaandamana kupitia maeneo mengine ya ujenzi hadi penye jengo la Bunge, wakadai siku ya kazi ya saa nane bila kupunguziwa ujira. Walishinda. Ulikuwa miongoni mwa ushindi wa kwanza wa namna hiyo duniani, na ulipatikana kwa umoja wa wajenzi. Kwa hiyo barabara za mji ule, pamoja na mabenki yake, zilijengwa na tabaka lililokuwa limeanza kujitambua. Mkono uliochonga tao la benki ulikuwa wa jamii ileile ya mafundi iliyomlazimisha mwajiri kukubali kwamba saa za mtu si mali yake yote.

Basi jibu letu ni wazi. Uzuri ni wa mafundi na wa maarifa ya binadamu yaliyolimbikizwa kwa karne nyingi. Ujumbe ni wa mwenye mtaji aliyewalipa. Vitu hivi viwili vimo katika jiwe moja, na kazi ya uchambuzi ni kuvitenganisha bila kulivunja jiwe.

5. Mwaka 1893: jiwe lilisema nini?

Kuanzia mwaka 1888 bei za viwanja zilikoma kupanda. Mwaka 1890 nyumba ya fedha ya Baring ya London ilikaribia kuanguka kwa sababu ya mikopo ya Argentina, na waweka akiba wa Uingereza wakaanza kuogopa kila fedha iliyokuwa ng'ambo. Mjini Melbourne makampuni ya ardhi yalianza kufa moja baada ya jingine. Waziri Mkuu wa koloni wakati huo, James Munro, mwenyewe alikuwa mfanyabiashara wa ardhi na mabenki. Mwezi Desemba 1891, chini ya serikali yake, ilipitishwa sheria iliyowafanya wadai wadogo washindwe kuipeleka kampuni mahakamani ili ifilisiwe. Mwaka 1892 aliondoka kwenda London kuwa mwakilishi wa koloni. Januari 1893 benki aliyoianzisha, Federal Bank, ilifunga, naye mwaka huohuo akafilisika.

Aprili 1893 zamu ya mabenki makubwa ilifika. Commercial Bank of Australia ilisimamisha malipo mwanzoni mwa mwezi. Benki hii ilikuwa barabara hiyohiyo ya Collins, na ukumbi wake mpya wenye kuba kubwa ulikuwa ndio unakamilika. Kuba lilimalizika na fedha zikamalizika. Tarehe 12 Aprili ilifuata English, Scottish and Australian Chartered Bank. Miaka sita tu baada ya kufunguliwa, ukumbi wa dhahabu ukawafungia milango wenye amana. Tarehe 1 Mei serikali ya Victoria ilitangaza siku tano za mapumziko ya mabenki, jambo lililozidisha hofu. Kufikia katikati ya Mei, mabenki 13 kati ya 22 yaliyokuwa yakitoa noti nchini Australia yalikuwa yamesimamisha malipo.

Nini kiliwapata wenye amana? Mabenki mengi yaliyofunga hayakufilisiwa. Yaliundwa upya. Amana za watu ziligeuzwa kuwa hati za kulipwa baada ya miaka mingi, na kwa baadhi ya mabenki sehemu yake ikageuzwa kuwa hisa. Tajiri mwenye njia nyingine za kuishi aliweza kungoja. Mjane, mtumishi wa ndani au fundi asiye na kazi hakuweza. Aliiuza hati yake kwa bei ya kutupa kwa wale waliokuwa na fedha taslimu. Hivyo hata maangamizi yalikuwa na tabaka: yalihamisha mali kutoka kwa wenye shida kwenda kwa wenye subira. Wafanyakazi wengi walikosa ajira, na maelfu waliuhama mji, wengine wakifuata dhahabu mpya ya magharibi ya nchi.

Benki yetu iliundwa upya mwaka huohuo wa 1893 kwa jina la English, Scottish and Australian Bank Limited. Neno la hati ya kifalme liliondoka. Dari ya dhahabu ilibaki palepale. Hakuna ufa uliotokea katika tao hata moja.

Hapo ndipo penye fundisho la usanifu. Jengo lilitoa ushahidi wa uimara wa kitu kimoja tu: uimara wa jengo. Mwenye amana alidhani jiwe linasimama badala ya mizania. Jiwe liliimarishwa kwa msingi. Mizania ilitegemea bei ya viwanja vya matope nje ya mji. Uhusiano kati ya hivyo viwili haukuwepo, ila katika fikra za aliyeingia na kuinua macho.

6. Makosa mawili ya kuepuka

Wapo watakaosoma habari hii na kufikia hitimisho la haraka. Makosa ni ya aina mbili.

Kosa la kwanza ni la mtazamaji wa kibwanyenye. Husema: hayo ya mwaka 1893 yamepita, tuache siasa, tufurahie sanaa. Kwake jengo limekuwa picha ya ukutani. Huhesabu matao lakini hahesabu amana. Mtazamo huu unaonekana kuwa hauna upande, kumbe unaendeleza kazi ileile ya jengo, yaani kuyatoa macho kwenye vitabu na kuyapeleka kwenye dari.

Kosa la pili ni la mwanamapinduzi mwenye pupa. Husema: ni jengo la wanyonyaji, lingebomolewa. Lakini kubomoa ni kazi ambayo mabepari wameifanya vizuri kuliko mtu yeyote. Katika nusu ya pili ya karne ya 20 walanguzi wa ardhi walibomoa majengo mengi ya enzi ya Victoria kwenye barabara ya Collins ili kupandisha maghorofa ya ofisi. Hawakuyabomoa kwa kuwachukia mabepari. Waliyabomoa kwa kuwa kiwanja kilikuwa na thamani kuliko jengo. Benki ya Kigothi ilihifadhiwa. Mwaka 1970 mwenye jengo aliungana na Australia and New Zealand Bank wakaunda kundi la benki la ANZ, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 mnara wa kisasa ukainuliwa nyuma ya majengo hayo ya kale. Picha hiyo nayo inasomeka: biashara iko kwenye mnara, heshima iko mbele.

Msimamo sahihi ni kulihifadhi jengo na kuhifadhi pamoja nalo habari zake zote. Anayeonyeshwa dhahabu ya dari aambiwe na habari za tarehe 12 Aprili, 1893. Anayetajiwa Wardell atajiwe na waashi wa mwaka 1856, na watu wa Kulin ambao ardhi yao ilipigwa mnada. Jengo lililoelezwa hivyo huacha kuwa kanisa la fedha, likawa darasa.

7. Tunajifunza nini?

Wafanyakazi wa Australia walijifunza jambo kutokana na mwaka 1893. Chama chao cha Labor kilipokuwa serikalini kilipitisha mwaka 1911 sheria ya kuunda Commonwealth Bank, benki ya umma, iliyoanza kazi mwaka 1912. Mwaka 1947 serikali ya Ben Chifley ilipitisha sheria ya kutaifisha mabenki binafsi. Mabenki yalikwenda mahakamani. Mahakama Kuu ya nchi iliibatilisha sheria hiyo mwaka 1948, na baraza la rufaa la London likaunga mkono hukumu mwaka 1949. Kati ya mwaka 1991 na 1996 hata ile benki ya umma iliuzwa. Mtaji uliofukuzwa mlangoni hurudi kupitia dirishani, ukiwa na wakili.

Uzi huu unafika hadi kwetu. Mwaka 1984 ANZ ilinunua benki ya Grindlays ya London. Hiyo ndiyo iliyokuwa National and Grindlays, mrithi wa National Bank of India iliyokuwa na matawi pwani ya Afrika Mashariki tangu miaka ya 1890. Lakini wakati wa kununuliwa haikuwa tena na tawi nchini Tanzania. Matawi yake yalikuwa miongoni mwa yaliyotaifishwa Februari 1967, baada ya Azimio la Arusha, na kuingizwa katika Benki ya Taifa ya Biashara. Kaunta zilibaki zilezile na kuta zilezile. Kilichobadilika ni mwenye mali.

Je, hilo lilitosha? Hapa lazima tuwe wakali kwetu wenyewe. Benki ya Taifa ya Biashara ilizama katika mikopo isiyolipika, hasa ya mashirika ya umma, hadi ikagawanywa mwaka 1997. Umma ulikuwa mmiliki kwa sheria, lakini mkulima aliyeweka fedha zake hakuwa na njia ya kujua zilikopeshwa wapi na kwa nini. Imani yake ilikuwa bado ile ya pili, imani ya haiba, tofauti ikiwa kwamba haiba sasa ilikuwa ya bendera badala ya dari ya dhahabu. Umiliki bila hesabu zilizo wazi humwacha mnyonge palepale aliposimama, upande wa nje wa kaunta.

Kwa hiyo kazi za kada mbele ya jengo lolote lenye fahari, liwe la mabepari, la serikali, la ushirika au la Chama, ni tatu. Ya kwanza ni kulitazama kwa makini na kujifunza ufundi uliomo, kwa sababu ufundi ni urithi wa wafanyakazi. Ya pili ni kuuliza limekusudiwa kumfanya nani ajisikie mdogo, na kwa faida ya nani. Ya tatu, iliyo kubwa kuliko zote, ni kudai vitabu vya hesabu. Chama cha ushirika kinachofanyia mikutano yake chini ya mwembe, kikisoma mapato na matumizi mbele ya wanachama wote, ni imara kuliko benki yenye dari ya dhahabu inayosomewa hesabu zake na wakurugenzi watano nyuma ya mlango uliofungwa.

Wanafunzi watakaokuwa wasanifu majengo wetu wana wajibu wa ziada. Watatakiwa kuchora ofisi za fedha za wananchi. Wasijivunie kuiga matao ya Wardell, wala minara ya vioo iliyoyafuata. Wajiulize jinsi ya kupanga chumba ambamo mwananchi anaona wazi fedha yake inavyopokelewa, inavyoandikwa na inavyokaguliwa, na mkutano wa wanachama una mahali pake katikati ya nyumba. Mtindo utapatikana hapo. Wajenzi wa Kigothi wa kwanza walianza na mahitaji ya watu wao. Fahari ilikuja baadaye, nayo ilikuwa ya kweli kwa sababu uzito uliokuwa juu ya nguzo ulikuwa wa kweli.